Uzi badala ya kisu

Mwaka 2016 nilikuwa karani wa kupima dagaa pale soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Jipu pembeni ya njia ya haja kubwa lilishapasuka lenyewe zamani, lakini katundu kalibaki, kanavuja usaha, kanakauka, kanavuja tena. Wenzangu sokoni walivyoona nakalia kalio moja wakahukumu: bawasiri. Mama mmoja akaniuzia na dawa yake, tena kwa bei ya kuruka.

Kaka ndiye aliyenipeleka kwa daktari wa upasuaji, mzee mpole. Baada ya kipimo ambacho sitakisimulia, alichora nyuma ya karatasi: duara la msuli unaobana haja, na mstari ukitoka ndani, ukipenya duara hilo hadi kwenye ngozi. Kitezi kidogo cha ndani kiliziba, kikaota jipu, usaha ukajichimbia njia, njia ikagoma kufunga. Si bawasiri; ni fistula ya njia ya haja kubwa.

“Ingekuwa juujuu ningeipasua, ikapona kuanzia chini,” akasema. “Yako imepita kwenye msuli, mwanangu. Nikiukata, unaweza ukashindwa kuzuia hata hewa.”

Kaka, mtu wa njia za mkato, akadakia: “Shikamoo yangu ulishaipokea, daktari, sasa niulize. Hakuna gundi ya kuziba hilo tundu?”

Nilitamani kuzama chini ya meza. Kumbe ipo! Ipo gundi, kipo kizibo cha kolajeni (aina ya protini), ipo hata leza ya kuichoma njia kwa ndani. Vyote vinauacha msuli salama, ila tundu hurudi kwa wengi. Yeye alitaka kuanza na uzi: unapitishwa kwenye njia hiyo, unafungwa kwa kulegea, usaha unatoka bila kujikusanya. Wagiriki wa kale, akatuambia, walitumia kitani na unywele wa farasi.

Nikachomwa ganzi ya mgongo, nikawekewa uzi wenyewe, kamba laini ya mpira. Kuishi nayo miezi ile ni kisa kingine: pedi za kike kwenye mfuko wa kazini, na kila baada ya choo kukalia beseni la maji ya vuguvugu, nyumba ya kupanga yenye bafu moja, wapangaji wakigonga mlango. Maumivu yalikuwa madogo kuliko aibu.

Njia ilipokauka, daktari aliifunga kwa upasuaji mdogo unaopita katikati ya msuli wa ndani na wa nje, bila kuukata wowote. Mbinu hiyo ilitoka Thailand. Msimu uliofuata nilipanda bodaboda hadi Igoma, nimekaa sawasawa.