Bodi iliyokuwa inakufa kila ikiristati

Mwaka 2021, ule ambao chipu ziliadimika dunia nzima, tulikuwa na oda ya bodi za kielektroniki za kusoma kiwango cha maji kwenye visima vya sola, afu ile flashi, chipu inayotunza programu na data hata umeme ukikatika, ya megabaiti 16 tuliyozoea kutumia ikawa haipatikani, ukiuliza unaambiwa subiri mwakani. Aliyekuwa anatutengenezea bodi akasema anazo za megabaiti 32, miguu ileile nane, inakaa palepale, bei imezidi kidogo tu. Bosi akakubali na mimi nikakubali, niliona tumepata nafasi ya kutunza data nyingi zaidi.

Bodi zilipofika ofisini Sinza nikachomeka waya wa konsoli, ule unaonionyesha kwenye laptopu maandishi ya bodi, kerneli ya Linux, programu ya msingi inayoiendesha bodi, ikapanda mpaka katikati ikagoma, haiitambui flashi. Hapo sikushtuka. Flashi hizi ukizipa amri ya 9F zinakujibu baiti tatu, ya kwanza ya mtengenezaji, ya pili ya aina, ya tatu kwa nyingi inabeba ukubwa: 18 ya heksa, hesabu za kumi na sita, ni 24 yetu, na 2 kwa kipeo cha 24 ndiyo megabaiti 16. Yetu ilijibu 19, yani kipeo cha 25, megabaiti 32. Kerneli tuliyopewa na waliotuuzia prosesa ilikuwa ya zamani, jedwali lake la flashi halikuwa na hiyo namba. Nikaongeza mstari mmoja: jina, zile baiti, bloku za kilobaiti 64, jumla bloku 512. Nikakompaili, ikapanda, nikaandika, nikafuta, nikaandika tena, safi kabisa. Usiku ule nililala na furaha kubwa, ilikuwa mara yangu ya kwanza kuigusa kerneli.

Bodi nne za mwanzo zikaenda Kiteto, kule Manyara. Wiki ya tatu mzee anayetunza kisima kimoja akanipigia. "Mwanangu, hiki kidude chenu kimezima taa." Nikamwambia samahani mzee wangu, naomba chomoa waya wa betri, hesabu mpaka kumi, rudisha. Ikawaka. Baada ya siku mbili akapiga tena. Afu tena. Hakulalamika hata siku moja, na mimi ndo ilikuwa inaniuma zaidi, maana kutoka kwake mpaka kisimani ni mwendo, na kila bodi ikilala watu wanafika na ndoo hawajui kama kuna maji au hakuna.

Ofisini haikutokea kamwe, mpaka siku moja badala ya kuchomoa umeme nikaandika tu amri ya kuristati. Konsoli ikanyamaza, hata herufi moja ya butiloda, programu ndogo inayotangulia kuiamsha kerneli, haikutoka. Nikachomoa umeme, nikarudisha, ikawaka. Nikarudia mara kumi, mara zote kumi hivyohivyo. Kumbe mimi siku zote nilikuwa nazima kwa kuchomoa waya, na kule Kiteto bodi ikiganda inaristatiwa na wochidogi, ile saa ya ndani ya prosesa inayoiristati bodi ikinyamaza muda mrefu, na umeme haukatiki.

Nikaazima lojiki analaiza ndogo, kifaa cha kuonyesha ishara zinazopita kwenye waya, nikabana klipu kwenye miguu ya flashi, nikaristati. Picha iliyotoka mpaka leo naiona. Prosesa inaamka, inatuma 03, amri ya kusoma, inafuata 00 00 00, baiti tatu za anwani, afu inaanza kupokea. Kilichorudi: ff, kisha ndo zinakuja baiti za kweli za butiloda, zote zimesogea nyuma hatua moja. Flashi ilikuwa bado inasubiri baiti ya nne ya anwani! Baiti tatu ni biti 24, na biti 24 zinaishia megabaiti 16, ukitaka kufika mbele ya hapo lazima baiti nne, kwahiyo kerneli ilipoona flashi ni ya megabaiti 32 iliipa amri ya B7, hamia anwani za baiti nne, na flashi ikahamia. Mwenye kusahau alikuwa prosesa peke yake. Ikiristatiwa inaanza upya na baiti tatu, wakati flashi haijakatiwa umeme, inakumbuka ilichoambiwa, na kwenye bodi yetu hakuna waya wa riseti unaoifikia.

Dawa ya kwanza niliyoandika ni kuipa flashi amri ya E9 wakati kerneli inazima, irudi baiti tatu. Nikaristati, ikapanda, nikapiga meza kwa furaha. Baada ya chai nikajiuliza, je bodi ikiganda? Kerneli iliyoganda haimuagi mtu. Nikailazimisha ianguke kwa sysrq, amri za dharura za kerneli yenyewe, wochidogi ikaikata, konsoli kimya. Dawa ilikuwa inatibu bodi nzima na kuacha bodi mgonjwa.

Iliyokubali ni kuacha kabisa kuihamisha flashi. Kuna amri ambazo zenyewe zimezaliwa na anwani ya baiti nne: 13 ya kusoma, 12 ya kuandika, DC ya kufuta bloku. Ukitumia hizo flashi inabaki kwenye hali yake ya kuzaliwa, prosesa akirudi ghafla na 03 yake wanaelewana. Kwenye jedwali ni bendera moja tu, yani alama ya kuiambia kerneli itumie amri hizo, ya kuongeza mwisho wa mstari wangu uleule, ila ilibidi nibebe na kipande cha kodi kutoka kerneli mpya kwa sababu ya kwetu haikuwa nacho. Na haikuisha hapo, bodi mbili zikasoma vizuri lakini kufuta hazifuti na hazitoi kosa lolote. Zilikuwa na toleo la zamani la chipu ileile, baiti tatu zilezile, ila DC na 12 hazijui. Siku mbili nzima zikaenda hapo, mwisho nikawa nazitofautisha kwa kusoma ile meza ya maelezo ambayo flashi inaibeba ndani yake, na zile mbili hatukuzipeleka site.

Nikapanda basi, kisha bodaboda, na laptopu mgongoni. Kwa yule mzee nilipomaliza kuweka kerneli mpya nikamwambia shikamoo yangu ya pili ni hii, sasa naiua makusudi. Nikaiangusha. Taa ikazima. Wochidogi tuliiweka sekunde 60, tukasimama wawili tunaangalia kile kiboksi, yeye mkono tayari umeshafika kwenye waya wa betri, nikamshika taratibu, subiri mzee wangu. Taa ikawaka.

"Imerudi yenyewe?"

"Imerudi yenyewe."

Akaniambia niirudie.