Ratiba iliyoishia Jumatano

Wiki iliyopita, kwenye chuo ninachokihudumia huku Ilemela, ratiba ya masomo ilikuwa inaishia Jumatano. Si kwa kila mtu. Mwenye simu na bando lake aliiona nzima mpaka Ijumaa. Aliyekaa kwenye kompyuta za maabara, ambazo zote zinapitia proksi yetu ya Squid (programu inayowaletea watu kurasa na kuzitunza nakala ili zifunguke upesi), aliona jedwali limekatika katikati ya Jumatano, chini yake peupe. Binti mmoja wa mwaka wa kwanza akaniuliza, "Kaka, kwani kesho hatuna vipindi?" Bahati mbaya wengine hawakuuliza. Alhamisi hawakuingia darasani, na ni walewale wasio na hela ya bando. Hilo liliniuma.

Maneno yaliyozagaa ni kwamba mtandao uko chini. Lakini mtandao ukiwa chini, ukurasa unakatika popote, mara hapa mara pale. Huu ulikatika kwenye herufi ileile, kompyuta zote, na ulifunguka upesi kuliko kurasa nyingine. Ukurasa unaofunguka upesi hivyo, tena nusu, hautoki mbali. Unatoka kwenye akiba ya proksi.

Nikauita kwa curl, programu ndogo ya kuvuta kurasa, kupitia proksi, bandari 3128, kisha moja kwa moja bila proksi. Kupitia proksi nilipata baiti 40,960. Moja kwa moja, zaidi ya 96,000. Nikafungua logi, daftari la proksi la kila ombi. Jumatano asubuhi kulikuwa na mstari mmoja wa TCP_MISS (ukurasa haukuwa kwenye akiba, ukaletwa kutoka kwenye seva) wenye ukubwa ule mdogo, na kuanzia hapo TCP_MEM_HIT (umetolewa kwenye akiba) mfululizo, ukubwa uleule, zote na msimbo 200, yaani hakuna tatizo. Proksi iliuchukua ukurasa nusu mara moja, ikawa inawagawia watu wote.

Iliwezaje kuuhifadhi? Programu ya ratiba iliyoko kampasi ya mjini ni ya zamani. Huwa inaandika ukurasa huku inautuma, haitaji urefu wake kwa Content-Length, mstari unaosema baiti ngapi zinakuja, na ikimaliza inafunga muunganisho. Asubuhi ile ilipoteza hifadhidata ikiwa katikati ya kazi, ikafunga muunganisho kama kawaida. Kwa kanuni za HTTP/1.1, utaratibu wa kutumiana kurasa za wavuti (RFC 9112 ya mwaka 2022), jibu lisilotaja urefu wala kutumwa kwa vipande huhesabiwa limekamilika muunganisho ukifungwa bila hitilafu. Squid haikuwa na namna ya kujua. Juu ya hapo maelezo yanayotangulia ukurasa yalisema max-age=86400, yaani sekunde za kukaa kwenye akiba, kwa hiyo nusu ile iliruhusiwa kukaa saa 24 nzima.

Tovuti nyingi siku hizi ni https. Zinapita kwenye proksi kama bomba lililofungwa, haioni ndani wala haihifadhi kitu. Balaa hili linaziangukia kurasa zetu za ndani za http, ambazo mwanafunzi hana pengine pa kuzipata.

Ctrl+F5 kwenye kompyuta moja iliilazimisha proksi kuleta nakala mpya, na maabara nzima ikapona. Kisha nikaweka "cache deny" kwa anwani ya ratiba, proksi isiihifadhi tena. Wenzangu wa mjini wamekubali kuutengeneza ukurasa mzima kwanza, wapime urefu, ndipo wautume. Hapo ukifika pungufu, proksi itajua. Mwalimu wa Alhamisi nilimwonyesha logi, naye akawapa waliokosa nafasi ya kurudia zoezi.

Wale wanaolalamika kwamba kila tovuti inasuasua ikifunguliwa mara ya kwanza, halafu inakwenda vizuri, shida yenu ni nyingine kabisa. Seva ya kwanza ya DNS (inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba) kwenye orodha ya proksi, faili la /etc/resolv.conf, ilikuwa imekufa, na Squid ilikuwa inaisubiri sekunde kadhaa kabla ya kuuliza ya pili. Nimeiondoa jana jioni. Ikiendelea kusuasua, niandikieni jina la tovuti na saa mliyoifungua, niitafute kwenye logi.