Panya wa sukari

Jana usiku nimembadilishia Mama bendeji huku feni ikizunguka bure. Kibokoni wiki hii hakuna upepo. Kidonda cha unyayoni kina miezi mitatu. Kilianza na kijiwe ndani ya kiatu, na kwa kuwa sukari imemtia ganzi miguuni, hakukihisi. Nikikiosha kwa maji ya chumvi natafuta nyama nyekundu, dalili ya kupona, kama alivyonifunza muuguzi. Jana ilikuwepo, kidogo.

Ili asikitazame, nilimsimulia ninayosoma siku hizi usingizi ukinikimbia: panya wa maabara. Wataalamu humzimia panya jeni moja, wakamtia jeraha mgongoni, kisha wakangoja waone litafungaje. Ujuzi huo wa kuzima jeni ndio uliowapa Capecchi, Evans na Smithies Tuzo ya Nobel mwaka 2007. Mimi nilidhani ukimpunguzia mnyama kitu, lazima apone kwa shida. Kumbe mwaka 1999 ilionekana kwamba panya wasio na jeni iitwayo Smad3 hufunga majeraha upesi kuliko wenzao! Ila kinga yao ya mwili ina kasoro, kwa hiyo usiwaonee wivu.

Lililonishika zaidi ni pete. Chini ya ngozi ya panya mna msuli mwembamba unaovuta kingo za jeraha zikakutana. Sisi hatuponi hivyo. Kidonda chetu lazima kijae nyama mpya kwanza. Basi panya hushonewa pete ya silikoni kuzunguka jeraha, ngozi isijivute, apone kwa taabu kama binadamu. Nilinyamaza kidogo hapo, pamba mkononi.

"Na wa sukari wapo?" Mama akauliza.

Wapo. Kuna ukoo wa panya uliogunduliwa maabara moja ya Marekani miaka ya 1960, jeni yao ikiwa imeharibika yenyewe, bila mkono wa mtu. Ubongo wao hausikii ishara ya shibe, kwa hiyo hula tu, wananenepa, sukari inapanda, na vidonda vyao huchelewa kupona.

"Masikini," akasema. "Huyo ndugu yangu."

Asubuhi hii nimefunua sahani ya mahamri niliyoyaficha juu ya kabati. Mawili hayapo. Nimemuuliza Mama, naye, bila hata kuinua macho kwenye tasbihi yake, amesema ni panya.