Jeshi la milimita 6
Leo nimemaliza kupaka rangi kikosi changu cha visanamu vya askari wa miguu wa Ufaransa, wale wa mapigano ya Waterloo, 1815. Kila kisanamu kina kimo cha milimita 6 tu, kwa hiyo ukihangaika na macho na vifungo unajitesa bure. Naanza na nyeusi mwili mzima, kisha koti la buluu, halafu ile mikanda miwili myeupe inayopishana kifuani. Mikanda ndiyo kila kitu! Nyeusi inayobaki kati ya rangi inakuwa kivuli chenyewe. (Najua, wengi siku ile walivaa makoti marefu ya baridi. Buluu inapendeza zaidi, niacheni.)

Vibao vya kuwasimamisha navipaka gundi nyeupe ya mbao, nanyunyiza mchanga uliochekechwa, kisha rangi ya tope na nyasi bandia kidogo sana. Usiku wa kuamkia Juni 18 mvua ilinyesha mno, na Napoleon alichelewa kuanza mapigano akingoja ardhi ikauke. Kijani kibichi kila mahali kingekuwa uongo.

Wanaofuata ni Waingereza. Nyekundu juu ya nyeusi inafifia, kwa hao nitaanza na kahawia. Nani anajua zinapopatikana brashi nzuri, zile ambazo ncha haichanuki?