Filimbi ya kwale imekwama

Leo alfajiri hapa Mafinga, baridi kali, filimbi ya kuitia kwale imekata sauti ghafla.
Ikabaki pumzi tu.

Haijapasuka. Ulimi wa plastiki, kile kipande chembamba ndani kinachotetema na kutoa sauti, umenata kwa mate, na chini yake kuna chembe ya karanga. Jamani, sukutua mdomo kabla ya kupuliza!

Kabla ya kuuchomoa, weka alama kwa kalamu pale ulimi unapoishia. Ukirudi umesogea hata milimita 1, sauti si ile tena.
Osha kwa maji ya vuguvugu. Ya moto hupinda plastiki.
Kausha kivulini.

Kizibo kinachoushika kikilegea, badilisha. Ulimi wenye ufa, tupa.

Imekauka sasa. Ile sauti ya kwanza, nyembamba, safi kabisa!

Wa Njombe na Makete, unyevu mnauzuiaje?