Utepe mwekundu na mfupa wa wanafunzi ishirini

Miaka mitatu mfululizo somo la mionzi kwa kidato cha nne lilinishinda. Shule yetu ni ya kutwa, nje kidogo ya Nakuru upande wa Njoro, na maabara yake haina chochote cha kutoa mionzi wala chombo cha kuipima. Nilikuwa naandika alfa, beta na gama, aina tatu za mionzi, ubaoni, wanafunzi wananakili, kengele inalia. Kuhusu matumizi ya isotopu, yaani atomu za elementi moja zenye viini tofauti, walikariri kwamba hutumika kufuatilia fosforasi kwenye mimea na mifupa. Zinafuatiliaje? Kimya.

Safari hii nilianza na panya wa mkemia George de Hevesy. Mwaka 1935, huko Copenhagen, yeye na mwenzake Chiewitz waliwalisha panya fosforasi-32, isotopu inayotoa mionzi, kisha wakapima mionzi kwenye viungo vyao. Wakaona kwamba mfupa, ujapoonekana umetulia, hupokea atomu mpya za fosforasi huku za zamani zikiondoka.

Jaribio langu la kwanza lilikuwa la mahindi. Nilipaka punje hamsini wino mwekundu ziwe fosforasi-32, nikazichanganya na nyeupe ndani ya gorogoro. Jasho la mikono likayeyusha wino, na kabla ya robo saa kila punje ilikuwa ya waridi, pamoja na madawati na shati la mtu. Niliwaambia huo ndio uchafuzi, ndiyo maana wanaoshika dawa za mionzi huvaa glavu. Walicheka, lakini kipindi kilikuwa kimeharibika.

Kesho yake nikawatoa uwanjani. Ishirini walisimama mstari mmoja: mfupa. Waliobaki wakawa damu, wanapita kandokando. Kumi kati ya hao wa damu niliwafunga utepe mwekundu mkononi. Nikipiga filimbi, aliye mfupani anaweza kubadilishana nafasi na anayepita. Baada ya filimbi kadhaa mstari ulikuwa na urefu uleule, ila tepe nne zilikuwa ndani yake. Msichana mmoja akasema, "Kumbe Mwalimu, bila utepe hatungejua kuna mtu amehama. Sare ni moja!"

Hapo nikaacha Kiingereza cha kitabu. Mwili haubagui fosforasi-32 na fosforasi ya kawaida, kwa kuwa kikemia ni kitu kimoja. Tofauti iko kwenye kiini, kinachotoa beta. Kisha kila mwenye utepe akarusha sarafu ya shilingi, na aliyeangukiwa na upande wa twiga akavua utepe. Kila raundi ni siku 14, nusu-maisha ya fosforasi hiyo, yaani muda wa nusu ya atomu zake kutoa mionzi na kugeuka. (Ikishatoa beta hugeuka salfa. Hilo sikuligusa, tungelala pale.)

Mvulana mmoja ambaye huficha mdomo akiongea aliuliza, "Mwalimu, kama mifupa hujibadilisha, mbona meno yetu hayaachi hii rangi?"

Hakuna aliyecheka. Visima vingi vya huku vina floraidi, madini yanayoharibu meno yakizidi, kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu cha Shirika la Afya Duniani, na meno ya kahawia ni jambo la kawaida darasani. Niliwatoa wanne mstarini, nikawaambia wakunje mikono na wasibadilishane na mtu hata filimbi ikilia. Hao ni enameli, ganda gumu la nje la jino. Seli zinazoijenga hupotea jino likishatokeza, kwa hiyo haina wa kuijenga upya. Kinachobadilika ni kidogo, cha juujuu, kupitia mate. Madhara yaliyoleta rangi ile yaliingia jino likiwa bado linaundwa ndani ya ufizi, utotoni.

Jioni mvulana yule alinisubiri langoni. Alitaka kujua kama mdogo wake wa miaka miwili bado ana muda. Nikamwambia anao, maana meno yake ya ukubwani ndiyo kwanza yanaundwa. Nikamweleza vichujio vya mkaa wa mifupa ya ng'ombe vinavyotengenezwa hapa Nakuru: floraidi hushika mfupa, hata uliochomwa. Akaniuliza kimoja kinauzwa pesa ngapi, na wikendi tukaenda kuulizia pamoja na mama yake.