Kukomaza Mvinyo wa Dodoma Chini ya Tembe: Kumbukumbu ya Mradi Wangu

Septemba 2022

Chupa 18 zimelala ubavu juu ya mchanga. Kumi na mbili ni mvinyo mwekundu wa zabibu ya Makutupora, na sita ni mvinyo mweupe wa Chenin Blanc, zote kutoka kwa mtengenezaji mdogo wa Hombolo. Nilimwomba aniandikie kwenye karatasi, kwa mkono wake, kwamba nusu ya kila aina imetokana na mavuno ya Machi 2021 na nusu nyingine na mavuno ya Agosti mwaka huohuo. Karatasi hiyo nimeibandika ukutani, kwa sababu mradi mzima unaitegemea.

Ninachotaka kukijua ni kama mvinyo wa kwetu unaweza kuzeeka vizuri, au kama ni kweli kwamba ni wa kunywewa mapema, kama ninavyoambiwa kila ninapouliza. Swali hili halikuniacha tangu nilipoonjeshwa chupa ya Vouvray, mvinyo mweupe, iliyopita miaka 20, kutoka bonde la mto Loire huko Ufaransa. Ilikuwa na rangi ya dhahabu iliyoiva, harufu ya nta na asali, na uchachu ulio hai kiasi cha kunitoa mate. Vouvray hutengenezwa kwa Chenin Blanc, zabibu ileile inayolimwa hapa Dodoma, na nilirudi nyumbani nikiwa na hamu ya kujaribu.

Novemba 2022

Stoo imekamilika hapa Mkonze. Nilitaka kuchimba shimo na kuliezeka kwa bati, lakini fundi wangu, mzee wa Kigogo aliyejenga matembe, zile nyumba za jadi za udongo, tangu ujana wake, alinizuia siku ya kwanza. "Mbukwa mwanangu," alinisalimu, akatazama mabati yangu, kisha akasema, "Hili bati litazichoma chupa zako. Panga miti, tandaza nyasi, halafu shindilia udongo wa kutosha." Tulifanya hivyo. Shimo lina kina cha karibu mita mbili, kuta ni za udongo, na paa ni bapa na zito kama la tembe lolote la zamani.

Leo saa tisa alasiri kipimajoto cha nje kimesoma nyuzi 32 na cha ndani nyuzi 24. Sikupata nyuzi 12 wala 13 ambazo watunza mvinyo wa Ulaya huziona kuwa bora, na najua kwamba sitazipata kwa udongo peke yake, kwa kuwa ardhi ya chini hushika takriban wastani wa joto la mwaka mzima wa mahali ilipo, na wastani wa Dodoma ni kama nyuzi 23. Nilichokipata ni utulivu. Joto linalopanda mchana na kushuka usiku huutanua mvinyo na kuusinyaza ndani ya chupa, kizibo kikasukumwa na kuvutwa mpaka hewa ikapata njia. Mvinyo unaokaa kwenye nyuzi 24 bila kubadilika una nafasi nzuri zaidi kuliko ule wa kabati la dukani unaotoka 20 hadi 33 kila siku.

Hewa ya huku ni kavu mno, nami nahofia vizibo kukauka, kwa hiyo nimeweka mtungi wa maji usiofunikwa kwenye kona na ninamwagia mchanga maji kila Jumamosi.

Machi 2023

Nimefungua chupa moja ya kila kundi. Hakuna la kusimulia kwa kirefu: nyekundu zote mbili zina rangi ya juisi nzito ya rosela, na tanini zake, ule ukakasi wa mvinyo mwekundu, bado zinakausha ulimi. Nyeupe ni safi, zenye harufu ya tufaha na limau.

Septemba 2023

Julai yote kipimajoto cha ndani kilisoma nyuzi 22, ilhali alfajiri kule nje ilishuka mpaka 13. Nafurahi sana na tembe hili.

Chupa moja nyekundu ya Machi imepotea. Kizibo kilivuja, mchanga ulio chini yake ulikuwa mwekundu, na kilichobaki kilinuka siki. Nyekundu mbili nilizofungua leo zimelainika kidogo, na ya Agosti ina nguvu zaidi. Nyeupe sikuzigusa.

Desemba 2023

Siku hii naiandika kwa utulivu, kwa sababu imenifundisha kuonja kuliko miaka yangu yote iliyotangulia. Shemeji yangu alirudi kutoka Ufaransa akiwa na chupa moja ya shampeni ya mavuno ya mwaka 2008, mwaka ambao huko Champagne unasifiwa kwa zabibu zenye uchachu mwingi. Shampeni yenye mwaka kwenye lebo ni lazima ikae angalau miaka mitatu kabla ya kuuzwa, na sehemu kubwa ya muda huo hukaa juu ya hamira iliyokufa baada ya uchachushaji wa pili ndani ya chupa. Hamira hiyo inapomeng'enyuka taratibu ndipo inapotoa ile harufu ya mkate.

Tuliipoza kwenye friji, kisha tukaiacha mezani kama robo saa, kwa kuwa baridi kali huziba harufu. Niliwaomba wenzangu tutumie glasi za mvinyo zenye tumbo badala ya zile nyembamba na ndefu, ili harufu ipate mahali pa kukusanyika. Nilishika kizibo kwa mkono mmoja, nikazungusha chupa yenyewe kwa mkono mwingine, na hewa ikatoka kwa mhemo mdogo tu. Ndani ya chupa changa kuna mgandamizo wa karibu angahewa sita, lakini gesi hupungua polepole kadiri miaka inavyopita, na hapa mapovu yalikuwa madogo mno, yakipanda kama uzi mmoja kutoka chini ya glasi.

Harufu ya kwanza ilikuwa ya andazi lililotoka kwenye mafuta sasa hivi. Baada ya dakika kumi zikaja karanga za kukaanga, ganda la limau lililokaushwa, na mwishowe kitu kama uyoga wa porini baada ya mvua za kwanza. Mdomoni bado ulikuwepo uchachu ulionyooka, ukibeba vyote hivyo, na ladha iliendelea muda mrefu baada ya kumeza. Nilinyamaza. Shemeji aliniuliza, "Vipi, umeipenda?" nami nikashindwa kujibu kwa sentensi moja.

Usiku huohuo nilimsimulia habari za shampeni zilizopatikana mwaka 2010 ndani ya meli iliyozama kwenye bahari ya Baltiki, karibu na visiwa vya Åland. Zilikuwa chupa 168 zilizokaa kwenye giza, kwa kina cha mita 50 hivi, kwa takriban miaka 170, na baadhi yake bado zilinyweka. Zilikuwa na zaidi ya gramu 140 za sukari kwa lita, utamu ambao leo watu wengi wasingeuvumilia. Kule chini baridi ilikuwa ya nyuzi 2 hadi 4 mwaka mzima. Mimi nina udongo wa Mkonze na nyuzi zangu 23, ila giza na utulivu ni vilevile.

Machi 2024

Nimefungua chupa nne, na kwa mara ya kwanza tofauti ni dhahiri. Nyeupe ya Machi imechoka: imekuwa ya njano iliyofifia, inanukia tufaha lililokatwa na kuachwa mezani, na katikati ya ulimi haina kitu. Nyeupe ya Agosti ni ya dhahabu, ina asali kwa mbali, na uchachu wake haujapungua.

Nadhani sababu iko shambani. Mzabibu wa Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo Ulaya haliwezekani kwa sababu ya majira yao ya baridi. Zabibu za Machi huiva katikati ya mvua, zikinywa maji mengi na kusumbuliwa na ukungu. Zile za Agosti huiva kiangazi, jua likiwaka mchana na usiku wa Juni na Julai ukiwa wa baridi kwa kuwa tuko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na baridi ya usiku ndiyo inayozuia asidi ya zabibu isiishe. Asidi hiyo ndiyo niliyoionja kwenye ile shampeni ya 2008.

Ndiyo maana naumia ninapoona chupa nyingi za hapa nyumbani hazionyeshi mwaka wala msimu wa mavuno. Mkulima wa Mpunguzi au Hombolo aliyevuna Agosti amefanya kazi tofauti kabisa na ya Machi, na mnywaji anastahili kuijua.

Machi 2025

Miezi 30. Chupa za leo zilisimamishwa siku mbili kabla ili mashapo yatulie chini, kisha nikamimina nyekundu ya Agosti polepole kwenye jagi la kioo, mshumaa ukiwaka nyuma ya shingo ya chupa, mpaka nilipoona utepe wa kwanza wa mashapo ukikaribia mdomo. Ukingo wa mvinyo umegeuka rangi ya tofali. Tanini zimeungana na kulainika. Harufu ni ya ubuyu, ngozi na udongo wa Desemba unapopata mvua ya kwanza. Nyekundu ya Machi inanyweka, lakini ni nyembamba, na jioni ilikuwa imekwisha nguvu ndani ya jagi. Nyeupe ya Machi nimeimwaga. Nyeupe ya Agosti, iliyokuwa ya mwisho, tumeimaliza na kuku wa kienyeji aliyeokwa, na mke wangu ndiye aliyesema kabla yangu kwamba inanukia nta.

Kwenye joto hili mvinyo huenda mbio, pengine mara mbili ya ule ulio kwenye nyuzi 13, kwa hiyo miaka mitatu na nusu ya chupa hii siihesabu kuwa mitatu na nusu.

Zimebaki chupa tatu, moja ya Machi na mbili za Agosti. Nimeziandikia tarehe ya kufunguliwa kwa chaki kwenye kitako: Machi 2027. Agosti hii nitakwenda Hombolo mwenyewe na kipima asidi, nikae siku ya mavuno yote, na nirudi na chupa 24 za zabibu nilizoziona zikikatwa.